Kipanga uani: dondoo za majira ya baridi Marekani

Ukimya ndio dalili ya kwanza. Shomoro wakiacha kelele ghafla na kigong'ota akaganda kwenye shina, usitoke nje. Simama nyuma ya dirisha utazame matawi ya katikati ya mti, si ya kileleni. Kipanga wa Cooper, anayekaribia ukubwa wa kunguru, huketi humo akivizia, kisha huruka chinichini akijikinga na ua wa nyumba mpaka awafikie ndege wadogo. Ncha ya mkia wake ni ya mviringo. Ya kipanga mwingine wa jamii yake, mdogo kwa umbo na mwenye miguu myembamba kama vijiti, imenyooka.

Weka chombo cha nafaka mita 3 hivi kutoka kichakani, ndege wapate pa kukimbilia. Kiwe chini ya mita 1 kutoka dirishani, au zaidi ya mita 9, kwani wanaotoroka hujigonga kwenye kioo wakafa.

Kipanga akishinda hapo kila siku, ondoa chombo kwa wiki mbili. Mara nyingi huhama. Usimrushie jiwe kamwe: sheria ya 1918 ya ndege wahamao inawalinda vipanga tangu 1972. Naye ana njaa, na siku za theluji ni fupi.