Moto wa Chungu na Moto wa Saruji

Finyanga chungu, kianike mpaka kikauke kau, kisha kitie maji kabla hujakichoma: kitarudi kuwa tope. Ukikichoma kwanza, hata kikivunjika, vigae vyake havirudi tena kuwa udongo. Wafinyanzi wa Masasi na Newala wanalijua hilo tangu enzi. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita huko mwaka 1906 akapiga picha za mama wa Kimakua akiwa kazini: analainisha kwa gunzi, anawasha lundo la kuni, anageuza chungu kilichoiva wekundu. Kilichotokea ndani ya udongo hakimo pichani.

Udongo ni mtoto wa jiwe. Vilima vya mawe vya Masasi vimejaa madini ya feldispari. Mvua huyala polepole, ikiondoka na potasiamu na sodiamu, na kuacha silika na alumina zilizofungamana na maji. Hiyo ndiyo kaolini, yenye matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Maji hayo si unyevu wa kuanikwa juani. Ni sehemu ya madini yenyewe. Yanahitaji nyuzi 500 hivi za sentigredi ndipo yaanze kutoka kwa kasi, na yakiisha kutoka, kaolini safi ya gramu 100 hubaki 86. Mpangilio wa atomi huvurugika, zikabaki tayari kushikana na chochote. Moto wa wazi wa mfinyanzi kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900, yaani papo hapo panapotakiwa. Ukipita sana, atomi hujipanga upya na udongo hulala. Mchanga, ambao uwanda wa Makonde umejaliwa tele, nao ni silika, lakini umejipanga tayari. Unafaa kujaza tu.

Sasa tazama saruji. Chanzo chake ni mawe ya chokaa, yale yanayochomwa hata Mtwara, kwenye kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa mwaka 2015. Kilo 100 za mawe safi hutoa chokaa kilo 56. Kilo 44 hupaa kama hewa ya ukaa. Hata tanuri lingewashwa kwa jua, hizo 44 zingepaa vilevile. Kisha lazima kufika nyuzi 1,450 ili kupata klinka, vidonge vinavyosagwa kuwa saruji. Udongo ukichomwa, unachoachia ni mvuke.

Je, udongo huo unaweza kushika nafasi ya saruji? Mfaransa Joseph Davidovits, miaka ya 1970, aliushika udongo uliochomwa akauchanganya na magadi makali na silikati ya sodiamu. Atomi zikayeyuka, zikaungana kuwa wavu mgumu, bila tanuri la pili. Akauita jiopolima. Kwangu mimi, tatizo liko kwenye hayo magadi: yanaunguza ngozi na macho, na silikati yake huyeyushwa kwa moto unaozidi nyuzi 1,000. Simpi fundi wa Newala anayekoroga kwa koleo akiwa amevaa kandambili.

Naona heri njia ya kati, aliyoiendeleza Karen Scrivener na wenzake huko Lausanne: nusu klinka, asilimia 30 udongo uliochomwa, 15 mawe ya chokaa yasiyochomwa, 5 jasi. Klinka ikikutana na maji huzaa chokaa inayouamsha udongo. Hewa ya ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40, na fundi anafungua mfuko kama kawaida.

Udongo wenyewe si lazima uwe mweupe kama wa Pugu. Wekundu ni chuma tu. Kaolini asilimia 40 hivi inatosha. Maabara hupima uzito wa sampuli kwenye nyuzi 400, mizizi na mboji zikiwa zimeshateketea, kisha 600, kabla mawe ya chokaa, kama yamo, hayajaanza kuachia hewa ya ukaa. Udongo wa bondeni chini ya Newala ukipungua gramu 5.6 kwa kila 100 kati ya vipimo hivyo viwili, unafaa.