PROGRAMU IMEGOMA KUSHUKA? USITOE NAMBA YAKO YA SIRI

Hebu tuanze na kisa. Ni kisa cha kutunga, lakini kama unaishi Rau huenda ukadhani unamfahamu mhusika.

Tumwite Aika. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na sasa anajifunza ushonaji kwenye kibaraza kimoja pale Rau Madukani. Siku zake za hedhi zinabadilikabadilika. Mwezi wa tatu alianza tarehe 4, mwezi wa nne akaanza tarehe 15. Kumwuliza mama anaona aibu. Rafiki yake akamwambia, "Si upakue apu ya kuhesabu siku? Mbona rahisi tu!" Aika akafungua Duka la Google Play, akaandika, akabonyeza. Ikagoma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, na neno moja tu: inasubiri. Akabonyeza tena, akazima simu, akawasha. Wapi!

Basi akaenda kwenye kibanda cha simu. Kijana wa pale akamwambia, "Dada, lete simu, dakika mbili tu." Akaomba paswadi, Aika akampa. Akasema toleo zuri linalipiwa, akaomba na namba ya siri ya pesa. Aika akampa. Jioni alipotazama salio, kati ya shilingi 42,000 alizokuwa akidunduliza kwa ajili ya cherehani, zilibaki 1,300.

Je, Aika alikosea wapi? Wengi mtajibu haraka: kutoa namba ya siri. Ni kweli. Lakini kosa lilianza mapema kidogo, pale alipodhani simu ikigoma ni jambo la fundi peke yake. Mara nyingi sababu ni ndogo na unaweza kuiondoa mwenyewe ukiwa umekaa kitandani.

KWA NINI INAGOMA?

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowasumbua wengi, ni nafasi. Simu ni kama kabati. Programu iliyoandikwa ukubwa fulani huhitaji nafasi zaidi ya hiyo wakati wa kuingia, maana simu hupokea mzigo kwanza, halafu huufungua na kuupanga. Sasa kabati lako limejaa nini? Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone. Nina hakika wengi mtakuta ni WhatsApp: video za harusi, picha za maua zenye "asubuhi njema" kutoka kwenye kikundi cha ukoo, na nyimbo zilezile mara tatu. Ndani ya WhatsApp yenyewe kuna sehemu ya kusimamia hifadhi inayokuonyesha mafaili makubwa yako wapi. Futa hayo. Picha za bibi usiziguse.

Sababu ya pili ni bando. Kuna mabando ya mitandao ya kijamii tu. Bando la namna hiyo litakuruhusu kuchati mpaka usiku wa manane, lakini ukienda kupakua programu litakataa, kwa sababu halikununuliwa kwa kazi hiyo. Utaona intaneti "ipo" na huku kitu hakishuki. Pia Duka la Google Play linaweza kuwa limepangwa lisipakue chochote mpaka lipate Waifai. Hilo utalikuta kwenye mipangilio ya duka lenyewe. Na wakati mwingine neno "inasubiri" maana yake ni foleni tu: programu nyingine tano zinajisasisha kwa wakati huohuo, yako iko nyuma. Zisimamishe hizo, yako itapita.

Ya tatu huwashangaza watu. Ni saa na tarehe. Umeme umekatika siku mbili, simu ya zamani imeisha chaji kabisa, ukiwasha inakuambia ni mwaka uliopita miaka mingi. Wewe unaona ni jambo dogo. Lakini simu na duka hukaguana kwa vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu yenye tarehe mbovu hukiona cheti hakijaanza kutumika, ikafunga mlango. Weka tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, ujaribu tena.

Kama bado, nenda mipangilio, kwenye orodha ya programu, chagua Google Play, futa kashe. Kashe ni makombo ya kazi zilizopita. Kuyafuta hakuondoi picha wala namba zako. Halafu zima simu na kuiwasha.

Ikiandika kuwa programu haiendani na kifaa chako, hapo mara nyingi huna la kufanya, na fundi naye hana. Huenda simu imezeeka. Hata WhatsApp, tangu Januari 1, 2025, haifanyi kazi kwenye simu zenye Android 4.4. Mtu akikuambia atailazimisha kwa shilingi 5,000, mshukuru na uondoke.

AKAUNTI NI YA NANI?

Hapa naomba tutulie kidogo. Vijana wengi walionunua simu mjini Moshi walifunguliwa akaunti ya Google dukani. Muuzaji aliandika jina lolote, akabuni paswadi, akakukabidhi simu inayofanya kazi. Wewe ukafurahi. Lakini mwenye paswadi ndiye mwenye akaunti. Akitaka anaweza kuona picha ulizohifadhi humo, orodha ya namba zako, na hata simu iko wapi. Na siku duka likikuuliza paswadi ili upakue kitu, huna.

Fungua akaunti yako mwenyewe. Kwa Google, ukiwa na miaka 13 na kuendelea unaruhusiwa hapa kwetu. Andika paswadi ndefu usiyoitumia kwingine, weka namba yako ya simu kwa ajili ya kuirudisha ukiisahau, kisha iondoe ile ya dukani. Ni kazi ya dakika 10 hivi. Kama picha zako ziko kwenye akaunti ya zamani, zihamishe kwanza.

"NIRUSHIE TU HIYO APU"

Njia ya mkato inayopendwa ni kurushiwa programu na rafiki kwa WhatsApp au Bluetooth. Faili lake jina huishia na herufi apk. Simu hukuonya kabla ya kuliingiza, na wengi wetu hubonyeza "ruhusu" bila kusoma. Lile onyo lina maana. Hujui nani alilifungua faili hilo njiani na kuongeza kitu. Ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, jiulize: programu ya kuhesabu hedhi inataka ujumbe wangu wa nini? Mwenye uwezo wa kusoma ujumbe wako husoma pia zile namba za uthibitisho ambazo benki na mitandao ya simu hukutumia.

Na tusisahau kuwa mambo ya hedhi, ya dawa unazotumia au ya kipimo ulichopima ni siri zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kurudisha siri iliyokwisha kutoka.

IKIFIKA KWENYE HELA

Sasa tuseme programu imeshuka, na inadai malipo. Duka la Google halitakuomba hata siku moja utume pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Halihitaji namba ya siri ya M-Pesa wala ya mtandao wowote. Anayeitaka, awe kijana wa kibanda, awe binamu, awe sauti tamu inayojiita ya huduma kwa wateja, mnyime.

Malipo halali hupita kwenye njia zilizoorodheshwa ndani ya duka lenyewe, mara nyingi kadi. Kadi ikikataliwa, tazama mambo ya kawaida: je, salio linatosha baada ya kubadilisha dola kuwa shilingi? Tarehe ya mwisho ya kadi umeiandika sawa? Benki imeruhusu manunuzi ya nje ya nchi? Mara nyingi jibu liko hapo.

Yako makosa mawili yanayowaliza watu. La kwanza ni kununua mara mbili. Pesa imekatwa, programu inasema malipo yanasubiri, mtu anabonyeza tena kwa hasira. Usifanye hivyo. Fungua historia ya maagizo kwenye akaunti yako, uone. Malipo yakishindikana, fedha iliyoshikiliwa huachiwa, ingawa benki huchukua siku zake. Kama umenunua kwa bahati mbaya, omba kurudishiwa kupitia Google Play ndani ya saa 48. Zikipita, utaelekezwa kwa mwenye programu, na huko ni kubembelezana.

La pili ni "bure kwa siku 7". Unaweka kadi, siku zinapita, unachoka na programu, unaifuta. Mwezi ujao unakatwa. Kuifuta programu hakufuti usajili! Usajili hufutwa kwenye akaunti yako, sehemu ya malipo na usajili. Duka halikukosea hapo, ni sisi hatukusoma.

TURUDI KWA AIKA

Jioni ileile, kabla ya kulia, angefanya hivi. Angepiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wake, aeleze muamala na kusoma namba ya kumbukumbu iliyo kwenye ujumbe. Asiufute ujumbe huo. Angebadilisha namba ya siri na paswadi papo hapo. Angepiga *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana aliyeshika simu yako anaweza kuwa amefanya zaidi ya unavyodhani. Kisha polisi, pamoja na mtu mzima anayemwamini. Ujumbe wa kitapeli ukikujia wewe, unautuma kwenda 15040 bila kuujibu. Pesa hurudi kwa nadra kama imeshatolewa, ndiyo maana saa ya kwanza ni muhimu kuliko kesho yake.

Na ile hesabu ya siku? Daftari la shilingi mia chache lingetosha. Weka alama siku ya kwanza ya kutokwa damu, uhesabu mpaka siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Kutoka Machi 4 hadi Aprili 15 ni siku 42. Kwa msichana aliyeanza hedhi karibuni, siku 21 hadi 45 ni kawaida. Kwa mwenye miaka 19 kama Aika, mzunguko mrefu hivyo ukijirudia afadhali aonane na mhudumu wa afya. Aende pia kama amekaa miezi mitatu bila hedhi, kama damu inatoka zaidi ya siku 7, au kama kuna uwezekano wa mimba.

Programu hupiga hesabu kwa wastani wa miezi iliyopita. Mzunguko ukiyumba, nayo inabahatisha. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo kioo kikikuandikia "siku salama", usikiamini kama njia ya kuzuia mimba.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Mawenzi, uulizie huduma rafiki kwa vijana. Kama aibu bado inakushika, piga 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Chukua na lile daftari, maana tarehe za miezi mitatu iliyopita ndizo utakazoulizwa kwanza.