SOMO LA RAIA: MPANGO WA KAZI YA UPELELEZI WA MAKOSA YA JINAI, KUTOKA KIJIJINI HADI MAKAO MAKUU

Wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa Serikali, humjua askari wa zamu aliyeko mezani kituoni, na humjua hakimu aliyeko kitini mahakamani. Baina ya wawili hao ipo kazi kubwa isiyoonekana na watu, nayo ni upelelezi. Aghalabu kesi husimama au huanguka katika sehemu hiyo ya katikati. Mwizi anapoachiwa huru watu husema hakimu amependelea, kumbe ushahidi uliharibika siku ya mwanzo, mbele ya macho ya watu wenyewe. Na mtu asiye na hatia anaposota mahabusu, mara nyingi chanzo chake ni upelelezi uliofanywa kwa pupa au usiofanywa kabisa. Kwa hivyo kuufahamu mpango wa kazi hii ni faida kwa mlalamikaji, kwa mtuhumiwa na kwa shahidi.

Somo hili linachukua mfano wa Sanje, katika Wilaya ya Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Sanje iko chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Mikumi na Kidatu kwenda Mang'ula na Ifakara. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, pamoja na maporomoko ya maji ya Sanje yanayokaribia mita 170. Upande wa pili limetandaa bonde lenye mpunga na miwa, ambamo imepita reli ya TAZARA. Mahali penye msitu wa hifadhi, mashamba, mifugo, kiwanda cha sukari na wapita njia, makosa huwa ya namna nyingi, na vyombo vya kuyachunguza huwa vingi pia.

Ifahamike vile vile kwamba Polisi ni miongoni mwa Mambo ya Muungano. Mpango unaoelezwa hapa kwa Sanje, kwa sura yake kubwa, ndio unaomhusu mkaazi wa Makunduchi, Mkokotoni au Micheweni. Tofauti iliyopo ni ya sheria za mwenendo: Tanzania Bara inafuata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, na Zanzibar inafuata Sheria yake Namba 7 ya mwaka 2018.

NGAZI ZA UONGOZI

Mkuu wa Jeshi la Polisi ni Inspekta Jenerali, ambaye huteuliwa na Rais. Chini yake wapo makamishna na wakurugenzi wenye dhamana mbali mbali, na mmoja wao ni Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Huyo ndiye msimamizi wa wapelelezi wote nchini. Kwa upande wa Zanzibar, Kamishna wa Polisi ndiye mkuu wa Jeshi hilo Visiwani, na upelelezi nao una kiongozi wake.

Mkoani, Kamanda wa Polisi wa Mkoa anasaidiwa na Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, ambaye wengi humwita RCO. Wilayani, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD, naye ana Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya. Kituoni yupo Mkuu wa Kituo, na chini yake wapo askari wa doria, askari wa mezani na wapelelezi.

Kwa hivyo kesi iliyoanzia Sanje inapokuwa nzito hupanda kwenda Ifakara, yalipo makao ya wilaya, kisha Morogoro mjini, yalipo makao ya mkoa, na ikibidi hufika Makao Makuu. Mpelelezi ana mabwana wawili: anaamrishwa na mkuu wa mahali alipo kuhusu nidhamu na zamu, na anasimamiwa na mkuu wa upelelezi kuhusu jalada lake. Mwananchi asiyeridhika na mwendo wa kesi yake anaweza kupanda ngazi hizo moja baada ya moja, naye si mfitini kwa kufanya hivyo.

VITENGO NA VYOMBO SHIRIKA

Upelelezi si kazi ya mtu mmoja anayejua kila kitu. Umegawanywa kwa aina ya kosa na kwa aina ya utaalamu, kama ifuatavyo:

(a) Wapelelezi wa makosa ya kawaida, kama vile wizi, uvunjaji wa nyumba, shambulio na mauaji.

(b) Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea mashauri ya ukatili wa majumbani na udhalilishaji. Hapo mlalamikaji husikilizwa kwa faragha, mbali na meza ya mbele.

(c) Kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye umuhimu wa pekee mahali ambapo wakulima na wafugaji hukutana.

(d) Wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi, wanaoshughulikia alama za vidole, maandishi na silaha. Pamoja na wale wa makosa ya mtandao, ambayo yana sheria yake tokea mwaka 2015.

(e) Kikosi cha polisi wa TAZARA, kinachohusika na makosa ya reli na mali zake.

Nje ya Jeshi la Polisi vipo vyombo vyenye mamlaka maalumu. Rushwa kwa upande wa Bara huchunguzwa na TAKUKURU, kwa Sheria Namba 11 ya mwaka 2007, na kwa Zanzibar huchunguzwa na ZAECA. Dawa za kulevya zina mamlaka zake katika kila upande. Askari wa hifadhi humkamata aingiaye Udzungwa kuwinda au kukata miti bila ya kibali. Sampuli za damu, sumu na dawa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye hampelelezi mtu; yeye hutoa taarifa ya kitaalamu tu, na taarifa hiyo huingia katika jalada.

SAFARI YA JALADA

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mkulima wa Sanje anaamka na kukuta kufuli ya ghala lake imekatwa na magunia kumi ya mpunga hayapo. Katika udongo uliolowa kuna alama za tairi za pikipiki na nyayo za watu wawili.

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa. Anaweza kuanzia kwa Mwenyekiti wa Kijiji, kama ambavyo wa Visiwani angeanzia kwa Sheha, lakini hapana budi taarifa ifike kituoni. Huko huandikwa katika kitabu cha taarifa na mlalamikaji hupewa nambari yake, inayojulikana kwa jina la RB. Nambari hiyo si kesi. Ni ushahidi kwamba Serikali imeambiwa. Asiye nayo hupata taabu kufuatilia baadaye.

Hatua ya pili ni kufungua jalada na kumteua mpelelezi wa kesi. Mpelelezi huenda mahali pa tukio, huchora ramani, hupiga picha, huandika maelezo ya mlalamikaji na ya majirani. Hapo ndipo watu huharibu mambo bila ya kukusudia. Mkulima akifagia ghala kabla ya askari kufika, au vijana wa mtaa wakakanyaga nyayo kwa kutaka kuona, ushahidi ulioachwa na mwizi hupotea, na hakuna bingwa awezaye kuurudisha.

Hatua ya tatu ni upekuzi na ukamataji. Kwa kawaida Mkuu wa Kituo hupekua mwenyewe au humwidhinisha askari mwengine kwa maandishi, isipokuwa panapokuwa na dharura iliyotajwa na sheria. Kitu kinachochukuliwa lazima kitolewe stakabadhi, itiwe sahihi na mwenye nyumba pamoja na mashahidi walioshuhudia. Ikiwa magunia yamekutwa Ifakara sokoni, haitoshi kusema kwamba ni ya Sanje. Mlalamikaji aeleze alama aliyoijua kabla hajaonyeshwa, kama vile uzi alioshonea au maandishi aliyoyaweka. Mpunga hufanana, na hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kufanana.

Hatua ya nne ni kuhifadhi kielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba ziwepo kumbukumbu zinazoonyesha kwa mfuatano nani alikikamata kitu, nani alikihifadhi, nani alimkabidhi nani, hadi kilipofika mahakamani. Kielelezo ni amana. Amana iliyopita katika mikono isiyojulikana haiaminiki, hata kama aliyeishika ni mtu mwema.

Hatua ya tano ni mahojiano ya mtuhumiwa. Hupewa onyo kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutolewa mahakamani. Kwa sheria ya Bara muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4, na huweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Kukiri kuliopatikana kwa kipigo au kwa ahadi hakusaidii kesi, huibomoa. Askari anayepiga huwa anampa mwizi wa kweli njia ya kutokea, au anamfunga asiyehusika na kumwacha mwizi nje akiiba tena.

MIPAKA YA MAMLAKA

Mtu aliyekamatwa bila ya hati hufaa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aangaliwe kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Dhamana ya polisi hailipiwi. Fomu ya PF3, anayopewa majeruhi ili aende kutibiwa na kuandikiwa majeraha yake, nayo hailipiwi. Majeruhi wa Sanje anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, aihifadhi fomu hiyo ikisha kujazwa na daktari na kuirejesha polisi, kwani bila ya hiyo jeraha lililopona huwa kama halikuwepo.

Inafaa pia ijulikane kwamba mpelelezi siye anayeamua nani ashitakiwe. Jalada likikamilika hupelekwa kwa mawakili wa Serikali. Sheria ya mwaka 2008 iliweka Bara mfumo wa mashtaka ya taifa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake. Zanzibar ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka. Makusudio ni kwamba aliyekusanya ushahidi asiwe ndiye anayeupima, kwa kuwa mtu hupenda kazi ya mkono wake. Wakili akiona pengo hulirudisha jalada kwa maelekezo. Mwananchi anayeambiwa kwamba jalada limerudishwa asidhani papo hapo kuwa limenunuliwa. Aulize ni nini kilichopungua, huenda ni maelezo ya shahidi ambaye yeye anamjua alipo.

NCHI NYENGINE

Katika sehemu nyingi za Marekani, upelelezi wa vijijini uko chini ya mkuu wa usalama wa kaunti, aitwaye sherifu, ambaye aghalabu huchaguliwa kwa kura na wakaazi. Ofisi yake huwa na idara ya upelelezi iliyogawanywa katika makosa dhidi ya watu, makosa dhidi ya mali, dawa za kulevya, na ghala la vielelezo. Mgawanyo huo unafanana na wa hapa. Tofauti ni kwamba sherifu hujibu kwa wapiga kura wake, na mpelelezi wa Tanzania hujibu kwa mnyororo mmoja wa taifa zima. Faida ya mnyororo mmoja ni kwamba mwizi akivuka kutoka Kilombero kwenda Unguja, jalada linaweza kumfuata. Hasara yake ni kwamba uamuzi huweza kuchelewa ukipanda ngazi nyingi.

Kasoro za upelelezi hazikufichwa. Tume ya Rais ya kuangalia namna ya kuboresha Taasisi za Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti yake Julai mwaka huo huo. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la kuundwa chombo huru cha taifa cha upelelezi. Pendekezo hilo peke yake linaonyesha namna kazi hii ilivyo na uzito katika kupatikana kwa haki.

WAJIBU WA RAIA NA WATUMISHI

Wananchi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kutoa taarifa mapema na kudai nambari yake.

2. Kutogusa wala kufagia mahali pa tukio mpaka wapelelezi wafike.

3. Kuweka alama za kutambulisha mali, na kuhifadhi stakabadhi za manunuzi.

4. Kutojichukulia sheria mkononi. Mtuhumiwa aliyeuawa na kundi la watu hawezi kuwataja wenzake, na mali haipatikani.

5. Kufika mahakamani wanapoitwa kutoa ushahidi. Jalada zuri lisilo na shahidi ni karatasi tupu.

Watumishi wa Serikali, hasa watendaji wa vijiji, masheha, walimu wa skuli na wauguzi, wanakumbushwa kwamba mara nyingi wao ndio wa kwanza kusikia. Wasisuluhishe nyumbani mambo ya jinai, khasa udhalilishaji wa watoto, kwa hoja ya kuficha aibu ya ukoo. Suluhu ya namna hiyo humlinda mkosaji, humwacha mtoto na jeraha lake, na ifikapo siku ya kwenda kituoni, ushahidi huwa umekwisha kuoshwa kwa maji.