Kupima Kabla ya Kugusa

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu milango mitano ya fahamu, apate kujilinda na hatari. Moto twauona kwa macho, na kabla hatujaufikia twasikia joto lake. Nyoka twamsikia akitambaa majanini. Chakula kilichooza twakijua kwa harufu yake. Lakini nguvu ya umeme ipitayo ndani ya waya haina rangi, wala sauti, wala harufu. Waya wenye moto na waya usio na moto hufanana kama mapacha. Wahenga walisema, Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Na umeme ni simba wa namna hiyo.

Basi, kwa kuwa hatuna mlango wa fahamu wa kuujulia umeme pasipo kuumia, wataalamu walitengeneza vyombo vya kuupima. Katika somo hili tutajifunza vyombo hivyo ni vipi, hutumiwaje, na kwa nini fundi mwenye akili hakiamini chombo chake mpaka amekijaribu kwanza.

1. Umeme unavyomdhuru mtu

Mfikirieni maji yatokayo katika tangi. Tangi likiwekwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu. Bomba likiwa jembamba, maji yapitayo huwa machache. Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti, wingi wa mkondo wake kwa ampea, na ugumu wa njia yake kwa omu. Mwaka 1827 mwalimu Mjerumani, jina lake Georg Ohm, alitangaza kanuni ambayo mafundi wote huifuata: ukigawanya volti kwa omu, wapata ampea.

Sasa tufanye hesabu. Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni wa volti 230, na katika Kenya ni 240. Mtu mwenye ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi, lakini mikono ikilowa, ugumu wa mwili wake waweza kushuka hata kufika omu 1000 hivi. Gawanya 230 kwa 1000: wapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo huo ni mchache kuliko ule uliowasha taa moja ya zamani ya wati 60. Je, waweza kumwua mtu? Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, aliyachunguza mambo hayo miaka mingi. Aliona ya kuwa miliampea 16 hivi zatosha kuikaza misuli ya mwanamume wa kawaida asiweze kuuachia waya alioushika; na kwa mwanamke zatosha 10 hivi. Linganisheni 16 na 230, nanyi mtafahamu kwa nini fundi hagusi kwa kubahatisha.

2. Mpimaji aliyeuawa na alichokipima

Neno umeme hapo kale lilikuwa jina la ule mwanga wa mawinguni wakati wa radi. Mwaka 1752 wataalamu wa Ulaya walithibitisha ya kuwa mwanga ule na nguvu waliyoifanya vyumbani mwao ni kitu kimoja. Katika mji wa St Petersburg, nchi ya Urusi, Profesa Georg Wilhelm Richmann alitamani kuupima umeme wa mawinguni. Alisimamisha fimbo ya chuma juu ya paa la nyumba yake, kisha akaleta waya kutoka kwenye fimbo hiyo mpaka ndani. Huko aliweka chombo chepesi: uzi wa kitani ulioning'inia kando ya kipande cha chuma. Umeme ulipofika, uzi ulijitenga na chuma, naye akasoma juu ya kibao umejitenga kwa kiasi gani.

Mwaka 1753 ilitokea tufani yenye ngurumo. Richmann aliharakisha kwenda nyumbani pamoja na mchora nakshi aitwaye Sokolov. Alipokikaribia chombo ili akisome, tufe la moto lilimrukia likampiga kipaji cha uso, akafa papo hapo. Sokolov alianguka chini akapoteza fahamu, lakini alipona.

Kosa lilikuwa wapi? Fimbo ile haikuunganishwa na ardhi. Umeme siku zote hutafuta njia ya kurudi, na umeme wa radi huitafuta ardhi. Ulipokosa njia ya chuma, ulijitafutia njia katika mwili wa mtu. Tangu msiba huo wataalamu walijua ya kuwa haitoshi chombo kusema kweli. Yapasa pia kimlinde yule anayekisoma.

3. Vyombo vya fundi

Chombo kijulikanacho zaidi ni bisibisi ya testa. Ndani yake mna taa ndogo ya gesi ya neoni, pamoja na kizuizi kinachopunguza mkondo uwe mdogo mno. Fundi hugusisha ncha kwenye waya, na kidole chake huweka juu ya kifuniko. Ikiwa waya una moto, taa huwaka. Lakini angalieni: ili taa iwake, mkondo mdogo lazima upite katika mwili wa fundi mwenyewe. Tena katika jua kali mwanga wake hauonekani vizuri, na fundi akisimama juu ya ubao mkavu waweza kufifia. Kwa hiyo mafundi waangalifu hupenda kipimo chenye ncha mbili, kisichoutumia mwili wa mtu kuwa njia.

Chombo cha pili ni multimita. Mwaka 1923 Mwingereza Donald Macadie, mhandisi wa Posta, aliweka kipimo cha ampea, cha volti na cha omu katika sanduku moja. Chombo chake kiliitwa AVO, kwa herufi za kwanza za vipimo hivyo vitatu. Vya kale vilikuwa na mshale. Vya siku hizi vingi huandika tarakimu.

Chombo cha tatu hupima ngozi ya waya, yaani ule mpira au plastiki uuzuiao umeme usitoke. Mafundi wengi hukiita Megger. Vile vya zamani vilizungushwa kwa mkono. Vya leo hutumia betri. Kwa nyaya za nyumba hutuma msukumo wa volti 500, na ngozi iliyo nzima haina budi kuonyesha ugumu usiopungua omu milioni moja. Kabla ya kukitumia, umeme hukatwa, na taa na redio huondolewa, zisiharibiwe na msukumo huo.

Tena kuna swichi ya kinga, yenye kuukata umeme mara moja unapovuja kupita miliampea 30. Ina kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza, swichi haina budi kuruka. Isiporuka, ni mlinzi aliyekufa, nayo ibadilishwe. Hata hivyo kitufe hicho huijaribu swichi yenyewe tu. Hakikwambii kama waya wa ardhi ni mzima. Huo hupimwa peke yake kwa chombo cha omu, nao hauna budi kuonyesha namba iliyo karibu na sifuri.

4. Kipimo nacho hupimwa

Tumfikirie mwanafunzi wa ufundi aliyetumwa kubadilisha swichi iliyovunjika. Ameondoa fyuzi, taa ya chumba imezimika, naye amegusisha ncha za kipimo chake. Kipimo hakisemi neno. Akamwita mkubwa wake.

"Bwana Fundi, tayari. Waya hauna moto, nimepima."

"Vema, mwanangu. Na kipimo chako umekipima?"

"Kumbe nacho hupimwa, Bwana?"

"Mlinzi akilala hapigi kelele. Je, ndiyo kusema mwizi hayupo?"

Mwanafunzi alikwenda kwenye soketi ya chumba cha pili, ambayo pasi ilikuwa ikipata moto kwake saa ile ile. Kipimo kilinyamaza vile vile: betri ilikuwa imekwisha. Alipoweka betri mpya na kurudi kwenye swichi, kilionyesha volti 230. Fyuzi aliyoiondoa ilikuwa ya taa. Waya uliopita nyuma ya swichi ulitoka katika fyuzi nyingine. Kama angaliuamini ule ukimya, angaliushika.

Kwa hiyo mafundi wameweka desturi ya hatua tatu, wala hawairuki hata moja. Kwanza, jaribu kipimo mahali unapojua hakika pana moto. Pili, pima mahali pa kazi: kati ya waya wa moto na waya wa nyutro, kati ya waya wa moto na waya wa ardhi, na kati ya nyutro na ardhi. Tatu, rudi ukakijaribu tena pale pa kwanza, kwa maana kipimo chaweza kuharibika katikati ya kazi. Kikisema kweli mwanzo na mwisho, hapo ndipo ukimya wake wa katikati unapoaminika.

5. Kipimo kikikosea

Fundi akiona kipimo hakisemi, hutafuta sababu kwa utaratibu. Hutazama kwanza betri. Kisha huweka multimita upande wa omu na kugusanisha ncha zake mbili: yapasa kuonyesha karibu na sifuri. Namba ikirukaruka anapoukunja waya, waya umekatika ndani ya ngozi yake. Kisha hutazama fyuzi ya ndani. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya namna ile ile, wala haizibwi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, maana hapo kinga yote imeondolewa.

Kosa lililo baya kupita yote ni kupima volti hali chombo kimewekwa upande wa ampea. Upande huo njia yake ni nyepesi mno, basi mkondo mkubwa hupita kwa ghafula, na chombo chaweza kupasuka mkononi. Kabla ya kugusa, tazama kitufe kimeelekea wapi. Na ikiwa hujui ukubwa wa msukumo, anza na kiwango cha juu kabisa.

Wakati mwingine kipimo hudanganya kwa namna ya pili: huonyesha volti kadhaa katika waya uliokwisha kukatwa. Waya ulazwao sambamba na wenzake wenye moto huweza kupata msukumo hafifu, na multimita ya tarakimu, kwa kuwa huchukua mkondo mdogo sana, huuona. Kipimo cha ncha mbili chenye kuchukua mkondo zaidi huuondoa uongo huo. Lakini mpaka jambo limeyakinika, waya huo huhesabiwa kuwa una moto.

6. Yakupasayo wewe mwanafunzi

Kupima nyaya ni kazi ya fundi aliyefunzwa, si ya mtoto. Hata hivyo yako mambo uwezayo. Uonapo waya uliochubuka, au plagi yenye joto, au pasi inayotetemesha mkono, usiiguse tena. Mwambie mzazi au mwalimu. Usiguse swichi kwa mkono uliolowa. Ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimshike, maana utanaswa nawe. Zima swichi kuu kwanza, kisha uite watu.

Na kila usikiapo mtu akisema, "Gusa tu, umeme haupo," mwulize kwa adabu: "Umepima kwa nini, na chombo chako umekijaribu wapi?" Kuuliza si ujinga. Swali hilo moja laweza kumrudisha mtu salama kwa watoto wake jioni.

Maswali

1. Kwa nini milango mitano ya fahamu haitoshi kutulinda na umeme?
2. Mtu ana ugumu wa omu 2000, naye amegusa volti 240. Ni miliampea ngapi zitakazopita mwilini mwake? Je, ataweza kuuachia waya?
3. Profesa Richmann alikosa kufanya nini, na kosa hilo lilileta nini?
4. Taja hatua tatu za kuhakikisha ya kuwa waya hauna moto. Eleza kwa nini hatua ya tatu ni ya lazima.
5. Kitufe cha T hujaribu nini, na hakijaribu nini?
6. Andika habari fupi kueleza maana ya maneno haya: "Mlinzi akilala hapigi kelele."