SOMO KWA MAKATIBU: KUIMARISHA FIMBO ZA USUKANI ZA GARI LA CHAMA

Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani ya Mtwara, lakini upande wa magharibi, na ule wa kusini unaoelekea bonde la Ruvuma, hukatika kwa miteremko mikali. Gari la chama litokalo Newala kwenda Masasi hupita kwanza katika mchanga unaovuta gurudumu huku na huku, kisha hushuka penye mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Liingiapo mashambani kufuata korosho hukutana na mizizi na visiki. Mapigo yote hayo hupokewa na fimbo mbili za chuma zilizo chini ya pua ya gari. Fimbo hizo zikipinda, gari halishiki njia. Kichwa cha fimbo kikichomoka mteremkoni, dereva hubaki na usukani usioamuru kitu, na watu wako nyuma juu ya magunia.

Katibu hatarajiwi kuwa fundi. Hata hivyo yeye ndiye anayeandika hati ya malipo, na ndiye atakayeulizwa na wakaguzi wa COASCO kwa nini gari moja limebadilishiwa fimbo mara tatu katika msimu mmoja. Yafaa basi ajue anachokilipia.

Fimbo zenyewe

Katika magari yenye ekseli nzima ya mbele, kama Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za kazi, nguvu ya dereva hutoka katika boksi la usukani, hupita katika mkono wa boksi, kisha hufika gurudumu moja kwa fimbo ambayo mafundi huiita draglinki. Fimbo ya pili, tairodi, huunganisha gurudumu hilo na lile la upande wa pili ili yote mawili yageuke pamoja. Land Rover za mtindo wa Series, zilizoundwa hadi mwaka 1985, zina pia kiungo cha kati ndani ya chesisi, nacho husahauliwa mno kutiwa mafuta.

Katika magari mengine tairodi iko mbele ya ekseli, na katika mengine iko nyuma. Iliyo mbele ndiyo ya kwanza kupigwa na kisiki. Tairodi ikipinda huwa fupi. Ikiwa iko nyuma ya ekseli, magurudumu hufunguka kwa mbele na tairi huliwa upande wa ndani; ikiwa iko mbele, magurudumu hukutana kwa mbele na tairi huliwa upande wa nje. Kwa hiyo katibu anayeona tairi mpya zimekwisha upande mmoja kabla ya msimu kuisha asikimbilie kumlaumu muuza tairi. Kwanza atazame chini ya gari.

Kupima kabla ya kununua

Aghalabu fimbo nene hununuliwa ilhali ugonjwa uko kwingine. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likiwa chini juu ya magurudumu yake, mtu mmoja aucheze usukani kidogo kushoto na kulia bila kukoma, na mwingine alale chini atazame kila kiungo. Kiungo kinachocheza kabla ya fimbo yake kusogea kimekwisha. Kisha ekseli iinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya kigogo imara, na gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza hivyo, kosa liko katika beringi au kingipini, wala tairodi mpya haitalitibu.

Vivyo hivyo shokapu ya usukani. Ni kifaa kizuri, kwani hupunguza pigo linalorudi mikononi mwa dereva. Lakini dereva anayelalamika kwamba magurudumu ya mbele yanatetemeka kwa nguvu, akafungiwa shokapu mpya pekee, amefichiwa ugonjwa. Utarudi wakati gari lina mzigo.

Fimbo iwe nene kiasi gani

Mtu hudhani kwamba chuma kizima kina nguvu kuliko bomba. Kwa fimbo inayosukumwa kutoka ncha zake, jambo hilo si kweli daima, kwa sababu ukinzani wa kupinda hutokana zaidi na upana wa fimbo kuliko na wingi wa chuma kilichomo. Chukua nondo nzima yenye kipenyo cha milimita 25, uilinganishe na bomba lenye kipenyo cha milimita 35 na ukuta wa milimita 6. Kwa urefu ule ule na chuma cha aina ile ile, bomba hilo ni zito kuliko nondo kwa kiasi cha moja ya tisa tu, lakini ukinzani wake wa kupinda ni zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo bomba nene lisilo na mshono, lililokerezwa hesi na mkerezaji mwenye mashine, ni uimarishaji wa kweli. Bomba la maji lililochomelewa vipande ni hatari iliyopakwa rangi.

Ncha moja ya tairodi huwa na hesi ya kulia na nyingine hesi ya kushoto, ili fimbo ikizungushwa iwe ndefu au fupi bila kuvuliwa. Hesi ya kichwa iingie ndani ya bomba kwa urefu usiopungua mara moja na nusu ya kipenyo chake. Fundi akirefusha fimbo mpaka hesi chache tu ndizo zilizoshika, kazi hiyo ikataliwe, hata kama gari linahitajika mnadani kesho. Pini ya kichwa ina mchongoko, nao hutofautiana kati ya gari na gari. Kichwa cha gari jingine kinachoonekana kukaa sawa huenda kimeshika ukingoni tu. Tundu la mkono likihitaji kupanuliwa, lipanuliwe kwa kifaa chenye mchongoko ule ule, kamwe si kwa keekee ya kawaida. Nati ikazwe kwa kiasi kilichowekwa na kiwanda, na kota pini iwe mpya. Tundu lisipolingana, nati isogezwe mbele hadi lilingane, isilegezwe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa fimbo nene hawalisemi. Fimbo ya kiwandani, ikipinda, imelipokea pigo ambalo vinginevyo lingekwenda mbele. Ikiwa ngumu mno, pigo la kisiki huhamia kwenye mkono wa gurudumu, bolti zake, au boksi la usukani, na bei ya boksi hailingani na bei ya fimbo. Mkono ukipata ufa hutupwa. Hauchomelewi wala haupashwi moto kunyooshwa, maana moto huubadili ugumu wake, na ufa wa pili hautatoa taarifa.

Kisha nafasi. Usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, ili ihakikishwe kwamba fimbo nene haigusi difu wala springi. Magari mengi ya vyama yameongezewa bapa za springi kwa ajili ya magunia. Nyongeza hiyo huinua chesisi na kuilaza draglinki kwa mshazari, hata kila shimo likawa linageuza magurudumu lenyewe. Gari la namna hiyo lirekebishwe urefu kwanza.

Kupanga magurudumu

Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe. Umbali kati ya rimu mbili hupimwa mbele na nyuma, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, gari likiwa mahali tambarare. Kwa Land Rover za Series zenye springi za bapa, umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Kwa zile za koili zilizoanza mwaka 1983, ambazo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, kipimo ni kinyume: mbele pawe sawa au pazidi kwa milimita zisizopita 2. Fundi anayetumia kipimo kimoja kwa magari yote hula tairi za chama. Kwa Toyota, kitabu cha gari husika kifuatwe.

Hati ya malipo itaje kipenyo cha bomba, unene wa ukuta wake, na jina la aliyekereza hesi. Fimbo ya zamani irudishwe ofisini pamoja na hati, ili halmashauri iione. Gari likisharudi kutoka safari ya kwanza ya Newala, liingizwe tena chini ya mwembe, nati na klempu zote zikaguliwe na kukazwa kabla halijapakiwa gunia jingine.