Hesabu ya Ghala ni Amani ya Nyumba

Wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za ghala. Si habari za kulijenga, maana wengi wenu mwaijua kazi hiyo kutushinda sisi. Twataka kunena juu ya hesabu ya chakula kilichomo ndani, na juu ya watu wapaswao kuijua hesabu hiyo.

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mahindi yakiisha kuvunwa kila nyumba hujiona tajiri. Baba huuza gunia kwa haja yake, mama hutoa debe kwa haja nyingine, wala hapana amwambiaye mwenziwe. Ifikapo Januari, mahindi ya shambani yangali machanga, ghala huonekana tupu. Hapo ugomvi huanza: baba humshuku mama, na mama humshuku baba. Pengine hapana aliyeiba. Kosa ni kuwa hapana aliyehesabu.

Basi na tuhesabu pamoja. Tuseme nyumba moja hula debe moja la mahindi kwa juma. Mwaka una majuma 52, kwa hiyo yatakiwa madebe 52. Gunia moja likiwa la madebe 6, chakula cha mwaka ni magunia 8 na madebe 4. Nyumba hiyo ikivuna magunia 12, ziada ni magunia 3 na madebe 2. Tukitenga gunia 1 na madebe 2 kwa ajili ya wageni, misiba na hasara ya wadudu, yafaayo kuuzwa ni magunia 2 tu. Aliyeuza magunia 4 amebakiwa na madebe 48. Hata asipopata mgeni, wala mdudu asile punje, atakosa chakula majuma 4.

Tena haitoshi kuhesabu mara moja. Yuko mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, naye alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutoboa mahindi hata yakawa vumbi, na yaliyo bado katika magunzi huyaharibu kuliko yaliyopukuchuliwa. Kwa hiyo yakausheni vema, yapukuchueni, na kila mwisho wa mwezi mfungue ghala mkague.

Siku hiyo baba na mama wakae pamoja, na mtoto asomaye aandike katika daftari: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Wako watakaosema ni aibu mwanamume kuulizwa na mkewe. Twakiri ya kuwa hata sisi, kusomewa makosa yetu na mtoto mbele ya mama yake si jambo jepesi. Lakini aibu ya daftari huisha jioni ile ile. Aibu ya kwenda kwa jirani na kapu tupu hukaa miaka.

Nanyi walimu, fundisheni hesabu hii darasani, ila msimwulize mtoto mbele ya wenzake kwao kuna magunia mangapi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli; lakini akiba ya mahindi isiyohesabiwa huliwa na wadudu, huuzwa kwa siri, na mwisho huvunja nyumba.