Jina la mama mdogo

Kumbana mtoto kupita kiasi ni ulezi unaoitanguliza hofu ya mzazi mbele ya mahitaji ya mtoto. Unaweza kuanza hata kabla ya mimba, kama inavyoonyesha barua ya msomaji mmoja wa Bwiru, Mwanza. Barua imefupishwa:

"Nimezaliwa 1997, nina mwaka wa pili kwenye ndoa. Mume wangu anataka mtoto, nami namtaka, ila naogopa nitakuja kumfungia ndani. Nikiona watoto wanaogelea mwaloni, tumbo linanikata. Nimeshaamua mwanangu hatapanda meli, hata ya kwenda Ukerewe kwa bibi yake mzaa baba. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia ziwani, mama hakuruhusu. Nimepewa jina la mdogo wake aliyepotea na Bukoba. Mwanamke kama mimi azae kweli?"

Azae. Azungumze na mumewe, na hofu ikimkosesha usingizi amwone mtaalamu wa afya ya akili hospitalini.

Tatizo lenyewe limo katika neno moja: "aliyepotea". Hakuandika "aliyefariki". Meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria asubuhi ya Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Ilikuwa na kibali cha kubeba abiria 430, lakini waliokufa walizidi 800. Idadi kamili haikujulikana, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Maiti nyingi hazikupatikana, na nyingine zilizikwa Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Familia isiyo na kaburi hubaki na mtu aliyepotea, na aliyepotea husubiriwa. Mwaka mmoja baada ya ajali, nyumba ya msomaji wetu ilipata mtoto wa kike, akapewa jina la anayesubiriwa. Kumpa mtoto jina la marehemu ni heshima ya zamani pande zote za ziwa, lakini hapa jina lilitolewa wakati kilio hakijakatika. Kila binti aliposogelea maji, mama alimwona mdogo wake akizama upya. Hofu anayoiita yake ni ya mama yake, naye sasa yuko tayari kumrithisha mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa.

Hapo anastahili kukemewa. Kumzuia mtoto asifike Ukerewe ni kumkata na ukoo wa baba yake, na bibi wa Ukerewe hana kosa lolote katika msiba wa 1996. Mume hakuulizwa. Uamuzi wa namna hiyo si ulinzi.

Upendo bila ujuzi hauokoi, na MV Bukoba yenyewe ndiyo ushahidi mchungu. Meli ilipopinduka, sehemu ya chini ilibaki ikielea, na watu waliokuwa hai walisikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiielesha meli ikatoka, nayo ikazama. Waliotoboa hawakukosa huruma. Walichokosa ni kujua meli iliyopinduka inaelea kwa nini. Mzazi mwenye hofu hutenda vivyo hivyo: humwondolea mtoto kile kile ambacho kingemwelesha, yaani ujuzi wa maji. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, nchi kavu ikionekana, na watu zaidi ya 220 wakafa. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwenye mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walipona. Wavuvi hao waliwahi kuwa watoto waliochezea maji.

Mtoto mdogo hachezi majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono, na hilo halina mjadala. Akifikia umri wa kwenda shule, afundishwe kuogelea. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo pia. Kwenye kivuko avae jaketi la kujiokolea, na kikijaa kupita kiasi familia isubiri kingine. Lakini asiyejua maji hawezi kumsimamia mtoto majini, kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza ni mama mtarajiwa mwenyewe. Aanzie kwenye bwawa la kuogelea mjini, kwani maji ya kingoni mwa ziwa yana kichocho.

Kabla ya bwawa, kuna safari ya kwenda Igoma. Amchukue mama yake, wasimame kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, na amwombe amsimulie habari za mdogo wake: alikuwa msichana wa namna gani, alipenda nini, alikuwa akija Mwanza kufanya nini. Inawezekana mama hajawahi kuulizwa. Asimharakishe, akilia, amwache alie. Wasiondoke hapo kabla mmoja wao hajatamka kwamba mama mdogo amefariki.

Na mtoto akizaliwa, apewe jina jipya.